Kazi, mtoto mchanga na foleni ya Dar: maswali ambayo wazazi walioajiriwa huuliza

Majibu haya ni kwa mzazi anayelipwa mshahara Tanzania Bara, hasa Dar es Salaam, mwenye mtoto ambaye bado hajaanza darasa la kwanza. Sheria inayotajwa hapa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Walioko Zanzibar wana sheria yao ya 2005, na watumishi wa umma wana kanuni zao za ziada. Maswali ni mengi, lakini karibu yote yanazunguka jambo moja: saa hii, mtoto yuko na nani? Mzazi mwenye jibu la swali hilo kuanzia alfajiri hadi usiku, na jibu la akiba la kwanza likivunjika, mengine atayamudu.

Likizo ya uzazi ni siku ngapi, na nitoe taarifa lini?

Siku 84 kwa mshahara kamili. Ukijifungua mapacha, ni 100. Mwajiri apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, pamoja na cheti cha daktari. Iandike. Kumwambia bosi kwa mdomo mkiwa kwenye ngazi hakutakusaidia siku atakapohamishwa na nafasi yake kushikwa na mtu asiyekujua. Likizo unaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi ikiwa daktari ataandika hivyo.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Siku 84 ni wiki 12. Ukianza wiki nne kabla, mtoto atakuwa na wiki nane tu siku unayorudi kazini. Ndiyo maana unawaona wanawake wakigombea daladala na tumbo la miezi tisa: wanabana ili siku zote ziangukie upande wa mtoto. Kama mimba haina tatizo na kazi ni ya kukaa, sina ugomvi na hilo. Kwa muuguzi, mwalimu au anayesimama dukani kutwa, ningesema atoe walau wiki mbili kwa ajili ya mwili wake.

Njia nyingine ni likizo ya mwaka, zile siku 28 ambazo wengi wetu huzimalizia kwenye harusi za ndugu. Ukizihifadhi na kuziunganisha na 84, unapata siku 112, yaani wiki 16. Ila anayeamua likizo ya mwaka ichukuliwe lini ni mwajiri, kwa hiyo ombi hilo liingie kwenye barua ile ile ya kutoa taarifa. Usisubiri kuliomba kwa simu ukiwa umelazwa.

Tena, hata ukitaka mwenyewe, huruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki sita tangu kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba uko sawa. Na kwa wanaofanya zamu: kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa katika miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada ya hapo.

Nimeajiriwa miezi mitatu iliyopita na nina mimba. Ninayo haki hiyo?

Likizo zenye malipo ni za mfanyakazi aliyefikisha miezi sita kazini. Chukua kalenda uhesabu. Kama tarehe ya kujifungua inaangukia baada ya miezi sita, umo. Kama bado, utategemea makubaliano na mwajiri, na yaandikwe. Jambo jingine ambalo watu hugundua wakiwa wamechelewa ni kwamba likizo ya uzazi yenye malipo ni moja katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri mmoja halazimiki kulipia zaidi ya nne. Mama aliyefiwa na mtoto kabla hajatimiza mwaka hufunguliwa siku nyingine 84 ndani ya mzunguko huo huo.

Wangu alizaliwa njiti. Likizo imeisha akiwa ndiyo kwanza ametoka wodini.

Kilio hiki kilikuwa cha miaka mingi. Mei Mosi 2024, jijini Arusha, serikali iliahidi kukifanyia kazi, na mabadiliko ya sheria za kazi ya 2025 yakaongeza likizo kwa mama aliyejifungua kabla ya wakati. Idara nyingi za utumishi bado zinatumia fomu za zamani. Nenda na barua ya hospitali inayoonyesha mtoto alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi, kwa sababu nyongeza inahesabiwa kutokana na hizo wiki.

Baba anapata nini?

Siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Nairobi mwenzako anapata wiki mbili. Siku tatu zinaishia kwenye dirisha la malipo la hospitali na kutafuta bajaji ya kuwarudisha nyumbani.

Baba akiwa na likizo ya mwaka, wengi humshauri aiunganishe papo hapo na hizo tatu. Mimi nashauri kinyume. Wiki za kwanza nyumba imejaa: mama mzazi yupo, shangazi yupo, majirani wanaingia na mtori. Baba anageuka mtu wa kutumwa sokoni. Pengo lenyewe huja mama anaporudi kazini. Wageni wameshaondoka, dada wa kazi bado mgeni, mtoto anakataa kikombe. Hiyo ndiyo wiki ambayo baba akae nyumbani, awe na mtoto kutwa nzima bila mama, ajue uji unapikwaje na kadi ya kliniki inakaa wapi. Baba aliyepitia wiki hiyo haulizi tena mtoto amekula nini, anajua.

Narudi kazini mtoto ana miezi mitatu. Nitaendeleaje kunyonyesha?

Ushauri wa afya ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Likizo ni wiki 12, miezi sita ni wiki 26. Wiki 14 zilizobaki ni juu yako, na chombo ulichopewa na sheria ni kimoja: mwajiri lazima akuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Kwa anayefanya kazi Posta na kuishi Chanika, kwenda nyumbani kunyonyesha na kurudi ndani ya saa mbili ni ndoto. Kwa hiyo wengi huomba saa hizo ziwekwe mwisho wa siku, watoke saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja, wawahi kabla barabara haijafunga. Wengine hugawa, saa moja asubuhi na moja jioni. Mpango wowote ni mzuri mkikubaliana kwa maandishi kabla hujarudi, na msimamizi wako wa moja kwa moja apewe nakala. Mkurugenzi anaweza kukubali kwa moyo mweupe, halafu kiongozi wa idara akaita kikao saa tisa kila siku.

Saa zinazobaki unazifunika kwa kukamua. Anza wiki mbili au tatu kabla ya kurudi, usingoje Jumapili ya mwisho. Kamua kwa mkono au kwa pampu, kwenye chombo safi chenye mfuniko, uandike tarehe. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Dar unazidi hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo usiyaache mezani. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Kwenye friza, yatumie ndani ya miezi sita. Kwa safari ya kutoka ofisini, kiboksi cha kutunza ubaridi chenye vipande vya barafu huyatunza kwa saa 24, na hicho hicho ndicho mkombozi umeme ukikatika nyumbani.

Mlezi afundishwe kwa vitendo. Kikombe cha maziwa kipashwe kwa kukiweka ndani ya bakuli la maji ya moto; maziwa yasiwekwe jikoni yakachemka. Yaliyokwisha kuyeyuka hayarudi kwenye friza. Mtoto akibakiza, yatumike ndani ya saa mbili au yamwagwe, hata kama roho inauma. Kwa kunyweshea, kikombe kidogo kinashinda chupa, maana chuchu za chupa ni kazi kuzisafisha na mlezi mwenye haraka hatazisafisha. Mtoto akikataa kikombe kutoka mkononi mwako, mpe mtu mwingine amjaribu nawe ukiwa umetoka nje kabisa. Akisikia harufu yako, huenda akakikataa kikombe.

Na ofisini unakamulia wapi? Chooni hapana. Kenya Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba. Huku kwetu omba stoo yenye kitasa, chumba cha mikutano, hata gari la mtu unayemwamini. Zungumza na mama mwingine aliyekutangulia hapo kazini. Mara nyingi anayo tayari sehemu yake na ufunguo.

Kliniki je? Naomba ruhusa kila mara?

Siyo kila mara, ni tarehe zinazojulikana: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa surua na rubela, pamoja na kupima uzito kila mwezi. Ya wiki ya 14 hukukuta umesharudi kazini. Peleka tarehe zote kwa msimamizi siku ya kwanza, mgawane na baba. Baba akienda kliniki watu humgeukia, na baadhi ya vituo humpisha mbele ya foleni. Tumieni fursa hiyo bila aibu.

Dada wa kazi: nimpate wapi, nimlipe nini, nimwamini vipi?

Hili ndilo swali lenyewe. Ofisi nyingi za mji huu zinaendeshwa na mabinti waliotoka Iringa, Singida, Dodoma au Tanga, ambao wakati huu wanambembeleza mtoto wa mtu huko Mbezi na Kigamboni. Bila wao nusu ya wakuu wa idara wasingefika kazini. Lakini tunawapata kwa simu ya haraka kwa shangazi kijijini, tunawapokea stendi usiku, na Jumatatu asubuhi tunawaachia mtoto wa miezi mitatu.

Anza na umri. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kulea kichanga kutwa nzima, kufua na kupika si kazi nyepesi. Usichukue aliye chini ya miaka 18. Anayekuambia "ni mdogo lakini mchapakazi" anakuuzia mtoto alee mtoto.

Kisha mshahara. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayekuja na kuondoka. Viwango hivyo vilipitiwa upya na amri mpya ikaanza kutumika Januari 2026, kwa hiyo ulizia ofisi ya kazi vya sasa. Tena hicho ni kima cha chini, hakuna aliyesema ndicho bei. Ukipiga hesabu ya unachopoteza siku moja dada asipokuwepo, utaona elfu thelathini za kuongeza ni bima ya bei rahisi kuliko zote. Mlipe yeye mwenyewe, kwa simu yake, tarehe ile ile. Habari za "nakuwekea utachukua ukiondoka" ndizo zinazomfanya aondoke.

Tunalosahau ni kwamba yeye naye ni mfanyakazi chini ya sheria hiyo hiyo. Ana haki ya saa 24 za mapumziko kila wiki, siku 28 za likizo kwa mwaka, notisi ya siku 28 kama analipwa kwa mwezi. Na ndiyo, siku 84 za uzazi. Mama anayepigania saa mbili zake za kunyonyesha ofisini kisha anamfukuza dada kwa sababu ana mimba, anafanya kile kile anachomlaumu bosi wake kufanya.

Kuhusu kuamini: mlete wiki tatu au nne kabla hujarudi kazini. Kwanza atazame, kisha afanye ukiwepo, kisha utoke saa moja, halafu nusu siku. Chukua namba ya NIDA au barua ya serikali ya mtaa alikotoka, na uongee na wazazi wake, siyo tu na dalali. Muache awe na simu. Binti asiye na simu hawezi kukupigia mtoto akibanwa na kifua. Mjulishe jirani mmoja na mjumbe.

Kamera wanaweka wengi siku hizi. Ukiweka, mwambie ipo. Ila dalili kubwa haziko kwenye kamera, ziko kwa mtoto: uzito unaoshuka kwenye kadi, kulala mno mchana na kushindwa kuamka jioni (wapo wanaowapa watoto dawa za mafua zinazoleta usingizi), kujificha au kulia mtu fulani akimsogelea. Rudi siku moja saa sita mchana bila taarifa. Ukikuta nyumba haijafagiliwa na mtoto anacheka, usiseme kitu kuhusu nyumba.

Dada kaaga Jumapili jioni. Kesho nina kikao.

Hakuna mzazi wa Dar ambaye halijamkuta. Dawa ni ya kuandaliwa mapema: orodha ya watu watatu ambao mmeshakubaliana nao, na mtoto anawajua. Jirani mwenye mtoto wa rika hilo. Ndugu anayeweza kufika na basi la usiku. Kituo cha kulelea watoto kinachopokea kwa siku, ambacho mmeshamtembeza mtoto mara kadhaa. Ukianza kupiga simu saa tatu usiku kwa watu usiowaandaa, utampata wa kukuonea huruma, na huyo si lazima awe wa kukulelea.

Halafu mwite anayeondoka mwongee bila hasira. Wengi huondoka kwa mambo matatu: mshahara uliocheleweshwa, maneno makali, au simu ya nyumbani kwamba mama anaumwa. La tatu si uongo kila mara. Ukimpa nauli na ruhusa ya wiki mbili, huenda akarudi.

Bibi au kituo?

Bibi, kama ana nguvu, anataka, na hamumfanyi kibarua. Mama mkwe wa miaka sitini na tano hawezi kukimbizana na mtoto wa mwaka mmoja na nusu kutwa, hata akisema anaweza. Mpe bibi usimamizi, mpe dada mbio. Na mpeni bibi hela yake ya mkononi bila kusubiri aombe. Tofauti za malezi zitakuwepo: atampa maji kabla ya miezi sita kwa sababu "nyie wote mlikunywa". Hilo moja lisemwe mapema, kwa heshima, na ikiwezekana na mtoto wake wa kumzaa, siyo mkwe. Mengine yaacheni.

Kama ni kituo, niangalie nini?

Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye anayevijua. Uliza cheti. Kisha sahau bango lenye katuni, angalia: walezi wangapi kwa watoto wachanga wangapi, maji yapo, geti linafungwa, choo kikoje, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Nenda saa nane mchana, wakati wa usingizi, siyo asubuhi wanapokupokea na tabasamu.

Saa ya kufunga ina uzito kuliko ada. Kituo kinachofunga saa kumi na moja hakikufai kama unatoka ofisini saa hiyo hiyo ukiwa mbali. Na kiwe karibu na nyumbani au karibu na kazini? Kwa anayenyonya, karibu na kazini, maana zile saa mbili za sheria zinakuwa na maana. Akishaacha, karibu na nyumbani: foleni ikikushika Ubungo, yupo jirani wa kumchukua.

Gari la shule linalomchukua mtoto wa miaka minne saa kumi na moja alfajiri ni jambo ambalo tumelizoea bila kulitazama. Analala kwenye gari, analala darasani, jioni analala akila. Chekechea ya kawaida mtaani kwenu inampa zaidi kuliko ile ya jina kubwa iliyo saa moja na nusu kutoka nyumbani.

Mtoto akiugua, nani aombe ruhusa?

Sheria inatoa siku nne zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na hizo hizo ndizo za msiba wa mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja. Siyo nne kwa kila homa. Ni nne kwa mzunguko mzima, na ni miezi 36. Mtoto anayeanza kituo huzimaliza katika mwezi mmoja wa mafua. Lakini baba anazo zake na mama anazo zake. Familia nyingi hutumia za mama tu, kisha zinaongeza ruhusa zake za kuombaomba, na mwisho wa mwaka tathmini ya kazi inasema mama "hayupo kazini". Pokezaneni: homa hii wewe, ijayo mimi. Mwenye kikao cha bodi siku hiyo asamehewe, adaiwe zamu mbili.

Natoka mtoto amelala, narudi amelala. Ananijua bado?

Anakujua. Ila usijidanganye kwamba Jumamosi itafidia wiki nzima; kwa mtoto wa mwaka mmoja Jumamosi iko mbali mno. Kinachowezekana ni kuchagua ncha moja ya siku na kuilinda. Kwa wengi ni asubuhi. Jioni barabara ndiyo inayoamua, asubuhi unaamua wewe. Mwamshe saa kumi na moja na nusu, mwogeshe wewe, mnyonyeshe au mpe uji, na wakati huo simu ibaki chumbani. Asinzie tena baadaye na dada.

Na fikirieni nyumba. Kiwanja cha Bunju au Chanika ni fahari, lakini kwa miaka mitatu minne ya utoto, chumba na sebule cha kupanga karibu na kazi au kwenye njia ya mwendokasi kinaweza kuwarudishia saa mbili kila siku. Basi za mwendokasi zimekuwepo tangu 2016, na msongamano wake unaujua, ila kwenye njia yake hazikai kwenye foleni pamoja na malori. Nyumba ya kujenga itasubiri. Mpangishe mtu.

Bosi anataka watu wakae hadi saa moja usiku.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na tisa kwa siku. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano, hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na haipaswi kuzidi saa 50 katika wiki nne. Mameneja hawalindwi na kifungu hicho. Kwa vitendo, kupambana kwa vifungu humaliza nguvu; mzazi anayetoka saa yake bila ugomvi ni yule ambaye kazi yake inaonekana saa nane mchana. Tuma ripoti kabla hujaondoka, aga kwa sauti, usitoke kwa kunyata. Sheria pia inataja majukumu ya kifamilia kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Wachache wanalijua hilo, wakiwemo wakuu wa utumishi.

Wikiendi zote zinaliwa na vikao vya harusi.

Hapa nitasema waziwazi. Kikao cha harusi, sendofu na kichen pati havihitaji mama wa mtoto wa miezi minne. Tuma mchango kwa simu, mapema, kabla mweka hazina hajaanza kutangaza majina kwenye kundi, na hakuna atakayekumbuka kwamba hukuja. Msibani nenda, kaa kidogo, ondoka na mtoto kabla ya giza. Miaka hii miwili ndugu watanung'unika. Wakiwa na wao watoto wachanga wataacha.

Mwenzangu amepangiwa kazi mkoa mwingine.

Kwa watumishi wa umma, hasa walimu na wauguzi, uhamisho wa kumfuata mwenza upo na huombwa kwa maandishi, cheti cha ndoa na uthibitisho wa ajira ya mwenza vikiambatanishwa. Huchukua muda, na kumpata wa kubadilishana naye huharakisha. Wakati mkisubiri, mtoto akae sehemu moja. Kumgawa miezi mitatu Mbeya, mitatu Dar, kunampotezea mlezi kila anapomzoea. Anayesafiri ni mzazi.

Mimi ni mama lishe. Hayo ya likizo hayanihusu.

Kweli, sheria ya ajira haikufikii. Kinachokaribia likizo kwako ni akiba ya kikoba iliyoanza kuwekwa mimba ikiwa changa, na mwenzako wa meza ya pili mliyekubaliana ashike wateja wako wiki sita, nawe utashika wake zamu yake ikifika. Moto na mafuta ya kukaangia ni hatari kwa anayeanza kutambaa. Akifika hapo, apelekwe kwa mtu.

Niache kazi?

Piga hesabu kamili kabla. Wengi hutoa mshahara wa mama, wakapunguza dada, nauli na kituo, wakaona kilichobaki ni kidogo, wakaamua. Kwa nini gharama za mtoto zikatwe kwenye mshahara wa mama pekee? Zikatwe kwa wote wawili halafu mtazame tena. Ongezeni michango ya NSSF, asilimia 20 ya mshahara kila mwezi kati yenu na mwajiri, na ugumu wa kurudi kwenye ajira baada ya miaka mitano. Kama bado hesabu inasema acha, au mtoto ana ugonjwa unaohitaji mtu muda wote, acha bila kuomba radhi kwa yeyote. Ila uamuzi huo usiufanye katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kurudi kazini. Hiyo ni miezi ya kukosa usingizi, na kila kitu huonekana hakiwezekani.

Wameniachisha kazi nilipotaja mimba. Nifanye nini?

Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba ni kinyume cha sheria moja kwa moja. Peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama kunyimwa likizo au saa za kunyonyesha, yana siku 60. Aliye chini ya miezi sita kazini kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii, ila anaweza kudai ubaguzi. Unajaza fomu ya kwanza ya tume, unampelekea mwajiri nakala, na unakuja na uthibitisho kwamba ameipokea. Shauri huanza na usuluhishi, mezani, na mengi huishia hapo. Beba mkataba, hati za mishahara, na ile barua ya miezi mitatu kabla iliyogongwa muhuri wa mapokezi.